Maswali ya wasomaji: kikohozi, chumba cha ndani na kikopo cha makohozi

Barua za safari hii karibu zote zatoka Lamu mjini na visiwa vya jirani, nazo zaulizia kifua kikuu, ambacho wengi wenu mwakiita tibii. Majina tumeyaondoa, na barua ndefu tumezipunguza.

*Asalaam aleikum. Mume wangu ni fundi wa kuchonga milango. Hii ni wiki ya nne anakohoa. Mwenyewe asema ni vumbi la mbao, na duka la dawa limeshamuuzia chupa mbili za dawa ya kikohozi na kapsuli za rangi mbili. Lakini usiku fulana hulowa jasho hadi nikaikamua, na mshipi wa suruali ameutoboa tundu jipya. Ni vumbi kweli?*
Mke wa fundi, Langoni

Waaleikum salaam, dada. Vumbi hukohoza, hilo hatulipingi. Ila kikohozi cha vumbi hupungua fundi akipumzika siku mbili tatu, na hakimloweshi mtu fulana usiku. Ulizozitaja ni dalili tatu kati ya nne kubwa za kifua kikuu: kikohozi kilichopita wiki 2, jasho la usiku, na kukonda. Ya nne ni homa, mara nyingi ndogo, ya jioni, ambayo mtu huiita uchovu wa kazi. Asingoje zitimie zote. Mwenye virusi vya Ukimwi hangoji hata hizo wiki 2. Kikohozi cha siku yoyote akapimwe. Na makohozi yenye damu, hata kama ni uzi mmoja, ni ya kwendea hospitali siku hiyo hiyo.

Kapsuli zatutia wasiwasi kuliko vumbi. Antibiotiki nyingi za dukani haziui bakteria wa kifua kikuu. Nyingine, hasa za jamii ya siprofloksasini, huwapunguza nguvu kwa muda, mgonjwa akapata nafuu ya wiki moja mbili, akaahirisha kupimwa huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Achukue maganda ya dawa alizomeza aende nayo kliniki, ili wajue nini kimeshapita mwilini.

Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Akikutwa nao ataombwa pia apime virusi vya Ukimwi na sukari. Asione kwamba ametuhumiwa. Kila mgonjwa hupimwa, kwa sababu virusi hivyo hudhoofisha kinga, na kisukari humzidishia mtu hatari ya kifua kikuu mara 2 hadi 3. Wako wanaojua kuwa wana sukari siku hiyo hiyo walipokwenda kwa ajili ya kikohozi.

*Nilipewa kikopo nikakirudisha, nikaambiwa haya ni mate, nikapewa kingine. Cha pili kikamwagika ndani ya boti kabla hatujafika Lamu. Nitoeje hayo makohozi wanayoyataka?*
Mama wa watoto wanne, Siyu

Mama, maabara haikukuonea. Mate ni mepesi, yana povu juu, na yatoka kinywani. Bakteria wanaotafutwa wamo katika ute mzito wa chini ya kifua, wa manjano au kijani, wakati mwingine wenye rangi ya kutu. Mashine ikipewa mate huenda ikasema haikuona kitu, nawe utarudi nyumbani na ugonjwa wako.

Wakati mzuri ni alfajiri, ukiamka tu, maana usiku kucha ute umejikusanya. Kabla ya chai na kabla ya dawa ya meno, sukutua kwa maji matupu mara 2 au 3. Anayekula tambuu au miraa asukutue zaidi. Wekundu wa tambuu huweza kudhaniwa damu, na vipande vya majani huharibu sampuli. Kisha toka nje: uani, darini juu ya nyumba, ufuoni, popote penye upepo na pasipo mtu, kwa sababu kukohoa kwa nguvu namna hii ndiko hasa kunakotawanya ugonjwa. Chooni na jikoni hapafai.

Vuta pumzi ndefu, izuie ukihesabu hadi 5, itoe polepole. Rudia. Ya tatu itoe kwa kikohozi cha kutoka tumboni, ukiinama kidogo, kikopo kikiwa kimeshafunguliwa na kimekaribia mdomo wa chini. Tema bila kutia kidole ndani. Kinachotakiwa ni kama kijiko kimoja cha chai, ml 3 hadi 5. Kisipofika, pumzika urudie. Hata ikichukua robo saa hakuna anayekukimbiza.

Sasa kumwagika. Mara nyingi ute hushika kwenye nyuzi za mdomo wa kikopo, kifuniko kikakaa upande, na mtu akadhani amefunga. Pangusa ukingo kwa karatasi laini (uichome baadaye), funga hadi kifuniko kikatae kuzunguka, osha mikono kwa sabuni. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo. Likiandikwa kwenye kifuniko, vifuniko viwili vikibadilishana, majibu nayo hubadilishana. Kitie katika mfuko uliopewa nacho, kisha ndani ya kopo kubwa kidogo kisimame wima, na kopo liwe kivulini, mbali na jua na mbali na injini. Kifike siku hiyo hiyo. Boti ikikosekana, friji ya kawaida yafaa kwa usiku mmoja, kando na chakula. Kwenye barafu hapana. Kabla ya kulipa nauli tena, uliza zahanati ya karibu kama hupokea sampuli na kuzisafirisha, kwani huenda kikopo kikasafiri peke yake.

Mashine ya GeneXpert hutoa majibu chini ya saa 2 tangu sampuli itiwe ndani, na hapo hapo huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huu. Mkiambiwa njooni kesho, kinachochelewesha ni foleni. Na majibu yakiwa hayakuonyesha kitu huku dalili zingalipo, rudi useme hivyo. Kuna eksirei, na sampuli hurudiwa.

*Babu yetu ameanza dawa juma lililopita. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kale. Tumempa chumba cha ndani kabisa apumzike na asiwaambukize watoto, mlango twaufunga. Jirani asema tumekosea.*
Wajukuu, Mkomani

Jirani ana haki. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kipimo cha boriti. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba sakafu ya chokaa haipiti sana mita 3, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwandani, yaani ua wa nyumba, kwenda ndani. Msana, chumba cha kwanza kilichoelekea kiwanda, hupata hewa. Ndani, nyuma ya kuta nene za matumbawe, hakuna dirisha. Ni chumba cha siri na cha utulivu, na kwa mgonjwa wa kifua kikuu hakuna kibaya kuliko hicho.

Ugonjwa huu hupita hewani. Mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akizungumza, hutoa chembe ndogo mno zinazoelea kwa saa kadhaa mahali pasipo upepo. Babu akiwa humo tangu asubuhi, anayemwingilia adhuhuri na sahani ya uji anavuta kikohozi cha asubuhi. Na mlango mnaoufunga ndio unaokiweka akiba.

Hewa huonekana kwa macho mkitaka. Mtoeni babu, maana moshi utamkohoza, mtie udi katika chetezo na mkiweke katikati ya chumba. Moshi ukinyooka juu, ukatanda chini ya boriti na kubaki umetanda hata baada ya chetezo kuondolewa, hewa imesimama. Ukilala upande mmoja na kutokea dirishani, hewa inapita. Jaribuni msana, jaribuni orofa ya juu kabisa chini ya makuti, mchana na usiku. Mjaribu tena msimu ukigeuka, kwa kuwa kaskazi na kusi hazivumi kutoka upande mmoja, na chumba kilichofaa Januari huenda kisifae Julai.

Chumba kitakachoshinda kiwe na njia mbili za hewa zinazotazamana, dirisha na dirisha, au dirisha na mlango, zote wazi hata usiku. Chandarua hakizuii hewa kupita. Mvua za masika zikipiga upande mmoja, fungeni huo, wa pili ubaki. Feni ya darini katika chumba kilichofungwa huchanganya tu hewa ile ile, na kiyoyozi cha ukutani vivyo hivyo. Feni ya kusimama ina faida ikiwekwa ipulize kuelekea dirishani, nje. Anayemhudumia akae upande upepo unakotokea, babu awe kati yake na dirisha la kutolea hewa. Barakoa avae babu mtu anapoingia. Ni rahisi kuzuia kikohozi mdomoni kuliko kukikamata kikishaenea. Barakoa ikikosekana, leso iliyokunjwa mdomoni ni afadhali kuliko mkono mtupu.

Mchana mtoeni kiwandani au darini apate jua, maana jua huua bakteria hawa na upepo huwapunguza. Hatengwi kwa miezi 6 yote ya dawa. Akimeza kila siku dawa zinazomfaa, uambukizaji hushuka haraka, na kwa kawaida wiki 2 ndizo hutajwa kabla ya kulegeza masharti, kliniki ikiridhika. Sahani zake na shuka zake zioshwe kama za wengine, wala hakuna haja ya kumtilia alama kikombe.

*Barazani twanywa kahawa kwa vikombe vile vile, muuza kahawa huvisuuza kwenye ndoo moja. Mwenzetu mmoja ana tibii. Tuvikatae vikombe?*
Wazee wa baraza, Lamu mjini

Ndoo ile yaweza kuwapa maradhi ya tumbo, na kwa hilo mwambieni abadilishe maji. Kifua kikuu hakipiti kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono, wala kwa nguo. Baraza la nje, lenye upepo, ni mahali pazuri kuliko chumba mnachofungiana jioni kwa miraa na televisheni. Hicho ndicho cha kukikataa.

*Ustadhi wetu akohoa wiki ya tatu na chuo chake cha Kurani kina watoto zaidi ya 30. Twaona haya kumwambia.*
Mzazi, Shela

Mwambieni kwa heshima, wawili, faraghani, na mmoja wenu ajitolee kumsindikiza. Mpaka majibu yatoke asisomeshe. Watoto waendelee na mwalimu mwingine, ikiwezekana chini ya mti au ukumbini penye upepo: kusoma kwa sauti hutoa chembe hewani kama kuimba, na chuo chenye madirisha madogo huzihifadhi. Akikutwa nao, kliniki itataka majina ya aliokaa nao kwa muda mrefu, kuanzia watu wa nyumbani kwake, kisha wanafunzi. Ipeni kliniki orodha kamili, na mtoto aliyehamia chuo kingine msimsahau. Akianza dawa na kliniki ikimruhusu, arudi kufundisha. Mkimwacha bila riziki kwa miezi 6, ustadhi mwingine atakayekohoa atanyamaza.

*Mwanangu wa miaka mitatu aliishi na shangazi yangu ambaye sasa atibiwa. Mtoto hana kikohozi, acheza, ala. Muuguzi ampa dawa ya miezi mitatu. Kwa nini dawa kwa mtoto mzima, na alichanjwa alipozaliwa?*
Mama, Mokowe

Sindano ya BCG, ile iliyoacha kovu mkononi, huwakinga watoto wadogo na aina mbaya zaidi za kifua kikuu, hasa ile ya uti wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Haizuii kila kifua kikuu, na kovu si hati ya salama.

Kuambukizwa na kuugua ni mambo mawili. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa. Kati yao, kama 5 hadi 10 kwa kila 100 ndio watakaougua maishani. Mtoto wa chini ya miaka 5 hana bahati ya hesabu hiyo. Kinga yake ni changa, naye akiambukizwa huugua upesi, pengine ndani ya miezi. Dawa aliyopewa huua bakteria kabla hawajaamka. Kabla ya kumwanzishia, muuguzi hana budi kuhakikisha kwamba hajaanza kuugua, na kwa mtoto dalili zenyewe ni za kimya: haongezeki uzito, au amepoa hachezi kama zamani. Watoto hawajui kutema makohozi, basi siku hizi hata kinyesi chao hupimwa kwa mashine.

Tembe zake huyeyuka majini. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuzitumia nchi nzima, mwaka 2016. Kabla yake wazazi walikuwa wakikata na kusaga za watu wazima kwa kukisia. Idadi hufuata uzito: kilo 4 hadi 7 tembe 1, kilo 8 hadi 11 tembe 2, kilo 12 hadi 15 tembe 3, kilo 16 hadi 24 tembe 4. Zitie katika ml 50 za maji safi, kama robo ya kikombe, koroga, anywe zote ndani ya dakika 10. Kosa tunaloliona sana ni kuyeyusha asubuhi na kumnywesha nusu, nusu ikangoja jioni. Jingine ni mtoto kuongezeka uzito bila tembe kuongezwa, basi apimwe kila mnapokwenda. Mkojo na machozi yakiwa ya rangi ya chungwa, usishtuke. Ni rangi ya dawa.

*Niko mwezi wa nne wa dawa na Ramadhani yaja. Naruhusiwa kufunga?*
Msomaji, Faza

Sheria ya mgonjwa mwaijua: Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, yampa mgonjwa kuzilipa siku nyingine. Kwa mwili, jibu lategemea hali yako. Katika miezi 2 ya mwanzo, tembe zikiwa nyingi na mwili umekonda, ushauri wetu ni usifunge. Mwezi wa nne, kama uzito umerudi, hutapiki, huna sukari wala mimba, wengi hufunga vizuri. Umuulize kwanza anayekutibu.

Dawa humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo saumu haiizuii. Shida ni tumbo: rifampisini hufyonzwa vyema tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada yake. Ukimeza juu ya futari ya mahamri, viazi vya nazi na mkate wa mofa, sehemu yake hupotea. Njia nyepesi ni kuamka saa 9 na nusu za usiku, kumeza kwa maji, ukalala tena au ukasoma, kisha daku saa 10 na nusu kabla ya adhana ya alfajiri. Asiyeweza kuamka ameze baada ya tarawehe, mradi hakutia kitu tumboni kwa saa 2. Chagua moja uishike mwezi mzima. Ukitapika mchana, au ukaona kizunguzungu, fungua.

*Asali na habasoda zatibu tibii? Na maziwa ya ng'ombe yaleta? Na dada yangu anayemeza vidonge vya uzazi?* (barua tatu tofauti)

Asali yalainisha koo, bakteria haiwagusi. Itumie ukitaka, juu ya dawa. Maziwa mabichi yaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho mara nyingi hujitokeza kama tezi za shingo. Yachemshe hadi yapande juu, hata kama muuzaji aapa kwamba ng'ombe wake ni mzima. Dada yako amwambie muuguzi leo. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi na pia ya kijiti cha mkononi, na wako wanaoshika mimba wakidhani wamejikinga.

*Mimi ni mvuvi, hukaa baharini siku 5 hadi 8. Mara nimekosa dawa siku mbili. Nimeze mara mbili kufidia?*
Mvuvi, Kizingitini

Usimeze mara mbili, ndugu. Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Siku ikishapita, endelea na dozi ya leo tu na uandike siku ulizokosa, kliniki izijue. Dawa iliyokatika-katika huwaacha hai bakteria wagumu, wakazaana, na hapo hutibiwa kwa dawa nyingine zenye madhara makubwa zaidi.

Kabla ya kutoka, waambie siku za safari ili upewe za kutosha na siku 3 za ziada, kwa ajili ya upepo. Tembe zikae katika karatasi zao, ndani ya kopo kavu la kufungwa kwa kuzungusha, mbali na maji ya chumvi na mbali na injini. Ukienda dago (kambi ya wavuvi) la mbali, chukua kadi yako ya matibabu. Ina nambari yako, na kwayo kituo chochote cha kifua kikuu kitaweza kukuendeleza. Usiku lala sitahani, usilale chini pamoja na wenzako, na wenzako nao wapimwe.

Kuna mambo yanayokurudisha pwani hata samaki wakiwa wengi. Macho yakiwa manjano au ukitapika mfululizo, acha tembe na rudi. Huenda ni ini. Ganzi au moto nyayoni si wa kukatisha safari, ila ukifika omba vitamini B6. Macho nayo uyaangalie mwenyewe, kwani ethambutoli, dawa ya miezi 2 ya mwanzo, mara chache hudhuru mshipa wa jicho, na rangi zinazopotea kwanza mara nyingi ni nyekundu na kijani. Usiku, chombo kikipita, tazama taa zake kwa jicho moja, kisha jingine. Ukiona huwezi kujua ipi ni nyekundu na ipi ni kijani, usimeze ya kesho kabla ya kuonana na daktari, na usukani mpe mwenzako.